Szentendre kwa nusu siku: ziara ipi ulipie, ipi uiache

Wageni wanaonifikia Budapest, wakishamaliza kupiga picha jengo la Bunge, huniuliza swali lile lile: "Tunaweza kwenda wapi asubuhi moja tu, tukarudi mapema?" Jibu langu ni Szentendre. Ni mji mdogo wa wachoraji kando ya mto Danube, kilomita 20 hivi kaskazini mwa Budapest, na ukiingia mtandaoni kutafuta ziara ya kwenda huko utakuta matangazo chungu nzima. Picha ni zile zile, na ahadi ni zile zile: "nusu siku na mwongozaji". Bei ndizo zinazopishana sana, na ukilipa bila kuuliza utajuta.

Mimi nilijuta. Mwaka wangu wa kwanza wa masomo hapa, shangazi yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Nilitaka asichoke, nikamlipia ziara ya basi kubwa, saa nne na nusu kwa jumla. Tulizungushwa hotelini moja baada ya nyingine kuchukua abiria kwa karibu saa nzima. Tulipofika, mwongozaji alitupeleka moja kwa moja kwenye duka la zawadi, tukakaa humo dakika 25. Baada ya hapo tukapewa "muda huru" wa nusu saa, kisha basi likageuza. Shangazi alikaa kitini, akafungua viatu, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hivi tulikuja kuona mji au kuona duka?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo napima ziara kwa kitu kimoja: dakika ambazo miguu yako itakuwa ndani ya mji wenyewe, dukani kusihesabiwe. Chukua bei, igawe kwa dakika hizo. Tuseme ziara moja ni euro 40 na inakupa dakika 40 mjini, nyingine ni euro 55 na inakupa dakika 150. Ya pili ndiyo rahisi, hata kama tangazo la kwanza limeandikwa "ofa" kwa wino mwekundu.

Kwa nini dakika zina thamani huko

Szentendre si mji wa kupita ukichungulia dirishani. Mwaka 1690 Waserbia wengi waliokuwa wakikimbia majeshi ya Waturuki walifika hapa wakiongozwa na patriaki wao, yaani mkuu wa kanisa lao, Arsenije wa Tatu. Walijenga makanisa ya mbao, na katika karne ya 18, biashara zao zilipostawi, wakayajenga upya kwa mawe. Ndiyo maana katika mji wa Hungaria unakuta minara mingi ya Kiorthodoksi, na katikati ya uwanja mkuu, Fő tér, upo msalaba uliosimamishwa na chama cha wafanyabiashara wa Kiserbia mwaka 1763, kumshukuru Mungu kwa kuuepusha mji na tauni. Watu huketi kwenye ngazi zake wakila aiskrimu bila kujua ni wa nini. Mwongozaji mzuri ataanzia hapo.

Wachoraji walikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1920 vijana waliotoka chuo cha sanaa cha Budapest walivutiwa na mwanga wa mtoni, nyumba za rangi ya haradali na kodi iliyokuwa nafuu. Mwaka 1928 wakaunda chama chao, na makazi yao ya kazi yapo hadi leo. Lajos Vajda, aliyefariki mwaka 1941 akiwa na miaka 33 tu, alitembea vichochoro hivi akichora madirisha, misalaba ya makaburini na picha takatifu za Kiserbia, kisha akaziweka moja juu ya nyingine kwenye karatasi hiyo hiyo. Ukiona kazi zake kwanza, halafu ukatoka nje ukayaona madirisha yale yale ukutani, utaelewa kitu ambacho hakuna kipaza sauti cha basi kitakachokueleza. Lakini kwa hilo unahitaji muda, na unahitaji mtu anayejua mlango upi wa kugonga.

Sasa nazipanga ziara zenyewe, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza: kikundi kidogo, kwa treni, na mwongozaji wa miguu

Mnakutana na mwongozaji kituo cha Batthyány tér, ambako metro ya M2 inakutana na treni ya mji iitwayo HÉV, njia ya H5. Safari ni dakika 40 hivi. Ukishuka unatembea dakika kumi na kitu, unavuka kijito cha Bükkös, unaingia mtaa wa Dumtsa Jenő na tayari upo ndani ya mji. Hakuna kuzungushwa hotelini wala kutafuta maegesho. Kwa ziara ya saa tano, saa tatu kamili zinakuwa zenu.

Hii ndiyo niliyompeleka shangazi mara ya pili, tukiwa watu saba. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo aliyekulia mji huo huo. Alitupandisha ngazi nyembamba hadi Templom tér, kilima chenye kanisa la Katoliki, ambapo unayaona mapaa mekundu yote yakishuka kuelekea mtoni. Halafu akatuingiza makumbusho ya mfinyanzi Margit Kovács. Humo kuna sanamu ya udongo ya mwanamke mzee wa kijijini, kitambaa kichwani, ameushika mkate mkubwa kifuani anaukata. Shangazi aliizunguka mara mbili. Akainama kuangalia vidole. Alinionyesha jinsi mkono wa kushoto ulivyobana mkate na jinsi kisu kinavyovutwa kuelekea mwilini, akasema aliyefinyanga hivi alimtazama mtu kwa muda mrefu. Tulikaa mbele ya sanamu hiyo muda mrefu kuliko tulivyokaa mji mzima mara ya kwanza.

Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. Kiingilio cha makumbusho kimo ndani ya bei? Mara nyingi hakimo, na hilo si kosa mradi waseme. Na kikundi kina watu wangapi mwisho? Wakizidi 12, vichochoro vile havitawatosha, na wa nyuma hawasikii kitu.

Ya pili: mwongozaji wako peke yako, na gari

Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, au watoto wadogo, au mko watu wanne au watano wa kuchangia, hii inaipita hata ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu. Kwa mtu mmoja ni ghali mno. Faida yake ni kwamba saa ni yako. Mtoto akilala mnangoja. Mzee akitaka kukaa kwenye benchi la mtoni, mnakaa. Sharti langu ni kwamba mwongozaji ashuke garini atembee nanyi. Wapo madereva wanaojiita waongozaji, wakawashusha na kuwaambia "nitawakuta hapa baada ya saa mbili". Huyo ni teksi, mlipe bei ya teksi.

Barabara za katikati ni za mawe yaliyotandazwa, na yameinuka huku na kule. Kiti cha magurudumu kinapita kwa taabu. Kwenye Fő tér na njia ya kando ya mto ni afadhali, lakini ngazi za kilimani usizijaribu.

Ya tatu: meli

Hii ndiyo kila mtu anaitaka, na mimi pia naipenda, ila kwa nusu siku ina tatizo la hesabu. Kutoka Budapest meli inapanda dhidi ya mkondo, kwa hiyo inachukua kama saa moja na nusu. Kurudi inasaidiwa na maji, inakuwa saa moja hivi. Ukienda na kurudi kwa meli, zaidi ya saa mbili umezitumia majini na mji umebaki na mabaki. Tafuta ziara inayokwenda kwa treni au basi na kurudi kwa meli. Zipo, na mwongozaji wa kikundi kidogo mara nyingi atakubali kuwaacha gatini badala ya stesheni mkimwomba mapema. Angalia tu ratiba ya siku hiyo, maana meli ya kurudi hungojwa hadi jioni, na nusu siku ikawa siku nzima.

Meli hizi ni za msimu, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Pia mto una tabia zake. Maji yakijaa sana, kama Septemba 2024 ambapo Szentendre ilibidi isimamishe ukuta wake wa kuzuia mafuriko, hakuna meli. Yakipungua sana wakati wa kiangazi, nayo matatizo. Usilipie ziara ya meli isiyosema wazi itakurudishiaje pesa mto ukikataa.

Ya nne: basi kubwa

Nimeshaieleza. Nitaongeza moja tu kwa haki: ukiwa umefikia hoteli ya mbali, au mvua inanyesha na una baridi, basi lina joto na linakufikisha. Kama lazima uichukue, iombe kampuni ikuandikie dakika za mjini na majina ya maduka mtakayosimama. Wakikataa kuandika, umeshapata jibu.

Mahali pamoja ambapo mabasi hupenda kusimama ni makumbusho ya marzipani, ule mchanganyiko wa lozi na sukari, ambako kuna jengo la Bunge lililotengenezwa kwa marzipani. Watoto wanalifurahia sana. Kwa mtu mzima, dakika 15 zinatosha.

Ya mwisho: "Kona ya Danube yote kwa nusu siku"

Kona ya Danube ni pale mto unapopinda. Tangazo linakuahidi Esztergom lenye basilika kubwa, Visegrád lenye ngome ya wafalme, na Szentendre, vyote kabla ya chakula cha mchana au baada yake tu. Miji hiyo mitatu ni mizuri kweli, na inastahili siku nzima. Ikibanwa kwenye nusu siku, utaviona vyote kwa dirisha, na Szentendre huwekwa mwishoni wakati watu wamechoka na dereva anaangalia saa. Ukiwa na siku nzima nenda. Ukiwa na asubuhi tu, usiiguse.

Na kwenda mwenyewe bila mwongozaji? Inawezekana kabisa, treni ni rahisi. Ila mambo mawili yamewapata wageni wangu. Baadhi ya treni za H5 zinaishia Békásmegyer, ukingoni mwa jiji, kwa hiyo soma jina lililoandikwa mbele ya treni. Tena tiketi ya kawaida ya Budapest inakufikisha kwenye mpaka wa jiji tu. Kutoka hapo hadi Szentendre lazima uwe na tiketi ya ziada. Wakaguzi wanapanda, na wanatoza faini. Binamu yangu alilipa huku ameshika tiketi halali ya jiji mkononi, akidhani wamemwonea.

Mambo ya siku yenyewe

Usiende Jumatatu. Makumbusho mengi hufungwa siku hiyo, na bado kuna kampuni zinazouza ziara ya Jumatatu kwa bei ile ile. Asubuhi ya saa tatu au saa nne ni bora kuliko alasiri, kwa kuwa mabasi makubwa hujazana kuanzia saa tano. Vaa viatu vya soli nene. Beba forinti kidogo za taslimu kwa vibanda vidogo, japo maduka mengi yanapokea kadi. Kwa wanaotoka nyumbani, viza ya Schengen inatosha. Hakuna kibali kingine cha kutoka Budapest kwenda huko.

Njaa ikikushika, tafuta lángos. Ni unga uliochachuka, unatandazwa ukakaangwa kwenye mafuta mengi. Mlaji wa maandazi atautambua kwa harufu, ila huu ni wa chumvi, unapakwa kitunguu saumu, krimu chachu na jibini juu. Mmoja mnatosheka wawili.

Kwenye kununua, nina neno kwa wapenda kanga na batiki. Mtaa wa Bogdányi umejaa vitu vya kiwandani, lakini humo humo kuna duka la kitambaa cha kékfestő. Ni pamba inayogongwa kwa vibao vya nakshi vilivyopakwa dawa ya kuzuia rangi, ikachovywa kwenye nili, na palipogongwa pakabaki peupe. Ufundi huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2018, Hungaria pamoja na nchi nyingine nne za Ulaya. Geuza kitambaa uangalie upande wa pili na kingo. Kilichogongwa kwa mkono hakikosi sehemu ambapo nakshi imepishana kidogo pale kibao kilipowekwa upya. Nakshi ikiwa imelingana bila kasoro mita nzima, ni mashine, na bei yake iwe ya mashine.

Ukibahatika kurudi kwa meli, panda mapema ukakae nje, upande wa kushoto ukiangalia meli inakoelekea. Meli itapita kisiwa cha Margit, itaingia chini ya daraja lake, na hapo hapo Bunge litajitokeza lote, karibu kabisa na maji. Walioketi kulia watasimama wote kuja kwako.