Birdie aliona kabla ya wote

Nimeitazama filamu ya All About Eve mara nne, na kila mara macho yangu humwendea mtu yule yule. Si Margo, nyota mwenyewe, wala si Eve anayemnyemelea. Ni Birdie, mama anayemvalisha Margo. Miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo: pini mdomoni, tochi kwapani, nafunga watu vifungo gizani huku wenzao wako jukwaani wanawasubiri. Filamu kuhusu waigizaji nimeona nyingi. Hii ya mwaka 1950, iliyoandikwa na kuongozwa na Joseph L. Mankiewicz, ndiyo pekee iliyonifanya niseme kwa sauti, peke yangu sebuleni: huyu anajua.

Hadithi yenyewe ni ya Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia huko New York. Margo Channing (Bette Davis) ametimiza miaka 40, anashangiliwa kila usiku, na kila usiku anaogopa. Mpenzi wake Bill, mwongozaji, ni mdogo kwake kwa miaka 8. Jioni moja Karen, mke wa mwandishi wa tamthilia za Margo, anamkuta msichana nje ya mlango wa nyuma wa ukumbi, amevaa koti la mvua, ambaye hajakosa onyesho hata moja. Ni Eve (Anne Baxter). Anaingizwa chumba cha mavazi, anasimulia habari za mume aliyekufa vitani, na chumba kizima kinalainika. Birdie peke yake anatupa neno la kejeli, kisha anakaripiwa mpaka anamwomba Eve radhi. Tangu hapo Eve ana kitanda katika nyumba ya Margo.

Sasa njoo kwenye gauni la Margo la jukwaani. Onyesho limekwisha, Eve amejitolea kulirudisha stoo ya mavazi ili Birdie asihangaike. Margo anatoka na kumkuta amesimama mbele ya kioo, gauni kalibandika kifuani, anainama kuwashukuru watazamaji wasiokuwepo. Margo anatabasamu! Anaona ni utoto. Anayejua nguo ya jukwaani ni nini hawezi kutabasamu hapo. Ile nguo ina jasho la mtu ndani yake, ina alama ya mwili wake, na mwenye kuipima kifuani kwake anapima zaidi ya kitambaa.

Nimewahi kufungua mlango wa aina hiyo. Tulikuwa na msichana aliyekuja kutusaidia kupiga pasi, mpole, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Siku moja nilirudi kuchukua mkasi niliousahau, nikamkuta amevaa viatu vya mwigizaji wetu mkuu. Mguu wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo alikuwa amejaza karatasi kwenye ncha. Zile karatasi zilikuwa zimekunjwa vizuri sana, zimekwishashika umbo la kiatu. Hazikuwa za siku ile. Nilichukua mkasi wangu nikatoka, na sikumwambia mtu.

Birdie anasema. Margo anapomuuliza kwa nini hampendi Eve, anajibu bila kuzunguka: msichana huyu anakusoma, kama mtu anavyosoma kitabu au mchoro wa nyumba, unavyotembea, unavyokula, unavyowaza. Muda si muda Eve anaingia amevaa suti ya zamani ya Margo, na anaeleza kwa furaha kwamba ilihitaji kupunguzwa hapa na kuachiwa kidogo pale. Mankiewicz hakuhitaji muziki wa kutisha. Mshono tu umetosha.

Nimewasikia watu wakilalamika kwamba filamu ina maneno mengi. Ni kweli, ni dakika 138 za watu kusemezana vyumbani, tena hatuoni hata sehemu moja ya tamthilia ikichezwa. Eve anapofanya jaribio la kuigiza lililomshangaza kila mtu, tunasimuliwa tu. Mimi naona hapo ndipo ilipo nguvu yake: uigizaji wote unafanyika sebuleni, kwenye ngazi, ndani ya gari lililoishiwa mafuta. Sauti ya Davis ina mkwaruzo kama mtu aliyeshinda akipiga kelele. Kwenye sherehe ya nyumbani, kabla hajawatahadharisha wageni kwamba usiku utakuwa wa misukosuko, anakunywa kwa pupa, anageuka, na gauni linafuata mabega yake wazi. Inasimuliwa kwamba gauni hilo, kazi ya mbunifu wa mavazi Edith Head, lilikosewa vipimo vya juu, na Davis akalivuta tu likashuka mabegani. Ukilitazama huwezi kudhani lilikusudiwa vingine.

George Sanders, kama mhakiki wa tamthilia Addison DeWitt, ndiye pekee anayemshinda Eve kwa ujanja, na Oscar aliyopata aliistahili. Filamu iliteuliwa mara 14 ikachukua tuzo 6, lakini waigizaji wake wa kike wanne walioteuliwa wote waliondoka mikono mitupu, akiwemo Thelma Ritter, Birdie wangu. Marilyn Monroe yumo pia, kwa muda mfupi, kabla hajawa nyota.

Kosa moja silisamehi. Baada ya ile sherehe Birdie ni kama ameyeyuka. Karen anaomba msamaha, Margo anajitambua na kuamua kuolewa, Eve anavuliwa uongo wake mmoja mmoja na Addison katika chumba cha hoteli, na aliyeyaona yote mwanzoni hayupo hata kunyanyua kichwa. Sihitaji ashangiliwe. Dakika moja tu ingenitosha, Margo na Birdie chumbani, zipu mgongoni, na kimya.

Itazame usiku ambao huna haraka, na usiondoke kabla ya picha ya mwisho. Eve amerudi na tuzo yake, amechoka, hataki hata kwenda kwenye karamu yake mwenyewe. Ndani ya chumba chake yumo msichana wa shule, Phoebe, mpole, anajitolea kumfungia mizigo. Akiwa peke yake anajifunika joho la Eve linalometameta, anashika tuzo, anasimama mbele ya kioo cha vipande vitatu na kuanza kuinama, mmoja anakuwa wengi. Kila nikifika hapo huwa nayatazama mabega ya lile joho, kama linamkaa.

Linamkaa.