Chujio la kutenga maji kwenye petroli: nimelijaribu Mtera

Wadau, karibuni. Leo niko bwawani Mtera, upande wa Dodoma. Pale nyuma kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, na mimi huku mashine ya boti yangu, nguvu ya farasi 15, imenitoa jasho wiki nzima. Inawaka vizuri, inanguruma taratibu, ukiongeza moto tu, kimya. Upepo wa mchana huo, nyavu ziko majini, unashika kasia.

Tulipofungua kabureta tukakuta tone la maji limetulia chini linang'aa kama shanga, na pembeni unga wa kutu.

Sasa hiki hapa mkononi ndicho nilichonunua. Ni chujio lenye kibakuli cha plastiki angavu na koki ndogo ya kumwagia. Halina jina kubwa. Wengi wetu tunafunga lile dogo la bodaboda. Linashika taka, sawa, lakini maji halina pa kuyaweka. Yanaenda zake mpaka kwenye mashine.

Tazameni. Kwenye petroli hii nimetia maji vifuniko viwili vya chupa. Nabinya pampu ya mkono... subirini... mnauona ule mstari? Petroli yenye oili ina rangi, imebaki juu. Maji ni mazito, yamezama. Kwa kibakuli hiki peke yake, hela yangu imerudi.

Lawama ninazo. Klipu za mipira zilizokuja nalo ni hovyo, nimezitupa. Mpira ukivuta hewa pale, mashine itazima vilevile na wewe utasingizia maji. Koki nayo ni plastiki, spana isiiguse, kaza kwa mkono. Halafu kibakuli kikijaa, maji yanapita juu kama hakuna chujio, kwa hiyo kichungulie kila asubuhi kabla hujavuta kamba. Wenye injini ya ndani ya boti, la plastiki liacheni. Tafuteni lenye kibakuli cha chuma, moto hauna rafiki.

Mtaniuliza maji yanatoka wapi. Mengine tunayanunua wenyewe ndani ya dumu! Mengine yanazaliwa usiku: tenki nusu tupu, baridi ya Juni ya huku mnaijua, unyevu unageuka matone ubavuni mwa tenki. Mimi siku hizi nalaza tenki likiwa limejaa, na kile kitundu cha hewa cha kifuniko nakifunga.

Ila nililiosha tenki kwanza. Jirani yangu alifunga chujio kama hili juu ya tenki lenye matope, siku ya pili likaziba, akaja kunilalamikia mimi.

Haya, haya maji nayamwagia kwenye kopo, bwawani hapana, samaki ni wetu. Nafungua koki. Kaka mwenye sigara, sogea kule kwanza.