Tule Springs, Las Vegas: usiishie kwenye mabwawa

Wengi wakishalipa langoni Floyd Lamb Park, bustani ya jiji iliyopo Tule Springs, huegesha kwenye kivuli cha kwanza wanachokiona, wakachoma nyama, wakapiga picha na tausi, wakaondoka. Kwa pikiniki tu hapakosi kitu. Lakini kilichoifanya bustani hii iwe tofauti ni yale majengo meupe yenye mbao za kijani, na hayo ndiyo ya kuanza nayo kabla jua halijawa kali.

Tule ni mmea wa majimaji wa jamii ya mafunjo, na jina hilo pekee linakueleza kwa nini watu walikaa hapa katikati ya jangwa: palikuwa na chemchemi. Bert Nay aliandikisha haki ya maji mwaka 1916. Mwaka 1941 shamba likanunuliwa na Prosper Goumond, aliyekuwa na biashara ya kamari mjini, naye akaligeuza ranchi ya wageni. Wageni wenyewe walikuja kusubiri talaka. Tangu 1931 sheria ya Nevada ilimtaka mdai talaka akae jimboni wiki 6 tu, muda mfupi mno kwa wakati ule, na shahidi mkazi alipaswa kuapa mahakamani kwamba kweli alikaa. Ranchi ikampa mgeni chumba, farasi wa kupanda, bwawa la kuogelea na watu wa kumwona kila siku. Ukiujua utaratibu huo, nyumba ya wageni na mazizi yanaeleweka. Usipoujua utaona mabanda ya zamani tu, hasa kwa kuwa mengi utayaangalia kwa nje.

Goumond alifariki 1954. Jiji lilinunua eneo mwaka 1964, likawa bustani ya jimbo 1977, kisha likarudi kwa jiji 2007. Ndiyo maana ramani za zamani bado zinaliita bustani ya jimbo.

Kosa jingine la kawaida ni kuja kutafuta mifupa ya mamothi, tembo wa kale waliokwisha kutoweka, humu ndani. Mabaki hayo yako kwenye eneo jirani la hifadhi ya taifa, Tule Springs Fossil Beds, lililotengwa Desemba 2014. Huko ndiko wanasayansi walikochimba mitaro mikubwa kwa buldoza mwaka 1962 na 1963, wakapima umri kwa kaboni na kugundua kuwa madai ya binadamu kuishi pale zaidi ya miaka 20,000 iliyopita hayakuwa na msingi. Kwa maoni yetu pana uzito kuliko mabwawa yote manne. Ila ni jangwa tupu: beba maji yako, na usiokote hata kipande cha mfupa, ni kosa kisheria.

Kufika bustanini: kutoka katikati ya jiji ni kilomita 25 hivi, barabara ya US 95 kuelekea kaskazini, kisha uiache barabara hiyo kwenye njia ya kutokea ya Durango Drive. Kuvua samaki kwenye mabwawa ya bustani kunataka leseni ya Nevada kuanzia umri wa miaka 12. Trauti, samaki wa maji baridi, huachiwa mabwawani miezi ya baridi, kwa sababu maji ya joto huwaua. Kiangazi ni zamu ya kambare. Kuogelea hakuruhusiwi. Mkate kwa bata acha nyumbani, unaoza na kuchafua maji yasiyokwenda kokote. Julai na Agosti, baada ya saa nne asubuhi, hata kivuli cha miti hakisaidii sana.