Makaa ya mawe ya kuotea moto: yanamfaa mhunzi?

Haya mafundi wenzangu, karibuni. Tazameni hili bonge, nalisogeza karibu na kamera. Ukilishika linakuachia weusi mkononi, na uso wake umefifia, haung'ai. Haya ni makaa ya mawe. Nimepata magunia mawili kutoka nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa hapa Nairobi, zile zenye mahali pa kuotea moto ukutani. Yalikuwa yamekaa stoo miaka mingi, na mwenye kubomoa alitaka yaondoke tu.

Wengi wetu hapa Kamukunji na Gikomba tunafulia kwa makaa ya miti. Nimepima kwa gorogoro ile ile: ya miti haikufika kilo 1, haya yamepita kilo 2. Kwa hiyo gorogoro moja ya haya inakaa motoni muda mrefu zaidi. Hilo limenifurahisha sana, kwa sababu bei ya makaa ya miti mnaijua wenyewe.

Lakini msikimbilie kuyanunua. Makaa ya mawe si aina moja. Kuna yale magumu, yanayong'aa kama kioo, yasiyochafua vidole. Hayo yanaitwa anthrasiti. Nyumbani ni mazuri kwa sababu hayana moshi mwingi, ila kwa mhunzi yana kazi: kuyawasha ni shida, na ukiacha kupuliza yanafifia. Haya yangu ni ya aina ya pili, yenye moshi. Huko England aina hii ilikatazwa kuuzwa kwa ajili ya moto wa nyumbani, ikaisha kabisa Mei 2023, kwa ajili ya hewa.

Nilianza kwa makaa ya miti katikati, nikazungushia haya pembeni, yamepondwa saizi ya kokwa la embe na kuloweshwa kidogo. Dakika kumi za kwanza, jamani, moshi! Mzito, wa manjano, unanuka kiberiti, yaani salfa. Jirani anayeuza mitumba alikuja kuniuliza, na alikuwa na haki. Nimemwomba radhi, na siku hizi nawasha asubuhi kabla hajatandaza nguo. Msijaribu ndani ya chumba kilichofungwa. Kuna gesi isiyo na harufu inayoua, hata moshi ukishaisha.

Sasa angalieni hapa. Makaa yamevimba, yakalainika, yakashikana kama ugali ulioiva. Hapa ndipo nilipojua nimepata mali. Yakimaliza kutoa moshi, kinachobaki ni koki: nyepesi, ya kijivu, yenye matundu, moto safi usiorusha cheche kama makaa ya miti. Nayavuta kidogo kidogo kuelekea katikati, huku mengine mabichi yakiiva pembeni. Chuma msikiweke kabla ya moshi ule wa manjano kuisha, kwa sababu kiberiti hicho kikiingia kwenye chuma, chuma kinapasuka ukikigonga kikiwa chekundu.

Nimefua tindo tatu na shoka moja kutoka springi ya gari. Springi ilifika rangi ya chungwa haraka kuliko nilivyozoea, mpaka ncha ya tindo ya kwanza ikaungua na kurusha cheche nyeupe. Nilipuliza kwa nguvu ile ile ya makaa ya miti. Punguzeni mkono kwenye feni.

Lingine ni uchafu. Baada ya saa moja hivi, chini ya moto kulikuwa na bamba zito lililoyeyuka kama kioo, limeziba tundu la hewa. Lazima usimame, ulitoe kwa koleo, uendelee. Makaa ya miti hayanisumbui hivyo, na kwa visu vyembamba bado nitarudi kwayo.

Kwa tindo, mataimbo na mashoka, ningenunua haya tena, mradi gunia lisizidi bei ya gunia la makaa ya miti. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji kiganja kimoja, ukiponde, ukichome kwenye kopo. Kisiposhikana, mwachie gunia lake.