Uzoefu wangu: mtego wa siki, karatasi za gundi na mchanga wa kununua kwa vinzi vya choo cha paka

Paka wangu anaitwa Chausiku, mweusi tii, na usiku hatoki kwa sababu ya mbwa wa nyumba ya nyuma. Kwa hiyo ana choo chake ndani, beseni la plastiki kwenye kistoo pembeni ya jiko. Tunakaa Pasua, Moshi. Mwaka mzima nilikuwa namwekea pumba za mpunga za mashineni Chekereni, ambazo gharama yake ni nauli ya bodaboda tu, na sikuwahi kuona tatizo. Masika yakaingia. Asubuhi moja nikafungua mlango wa kistoo, vinzi vikanivaa usoni kama moshi wa kuni mbichi.

Nilianza na siki, maana kila uliyemuuliza atakutajia siki. Kikombe, vijiko vitatu vya siki ya tufaha, tone la sabuni ya vyombo, nailoni juu yenye matundu ya kijiti cha meno. Sabuni haipo pale kwa ajili ya sumu. Kazi yake ni kulegeza uso wa maji, nzi akitua anazama badala ya kusimama juu. Siki nyeupe ya bei rahisi niliijaribu pia, ikakamata viwili vitatu tu. Vinzi vya matunda hufuata harufu ya tunda lililochacha, na siki nyeupe haina hiyo harufu.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kibosho anayepika mbege, pombe ya ndizi, alinikuta nje nikihesabu maiti kwenye kikombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umenunua siki elfu nane ukamate wadudu ambao kwangu wanakuja bure?"

Akaniletea mbege kidogo, ile nzito ya chini, ndizi na ulezi vimechacha sawasawa. Niliweka vikombe viwili usiku mmoja, cha siki na cha mbege. Cha mbege kilishinda kwa mbali. Siki ya dukani naipa nyota tatu, mbege ya bibi tano.

Ila kwenye beseni vinzi vilikuwa vilevile! Hapo ndipo nilipochukua tochi ya simu na kuchuchumaa kuvitazama, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kutoa hata shilingi. Vilivyokufa kwenye vikombe vilikuwa na macho mekundu na mwili wa rangi ya asali. Vya kwenye ukingo wa beseni vilikuwa vyeusi-vyeusi, mgongo umebenuka kama wa ng'ombe mwenye nundu, na ukivikaribia vinakimbia kwanza kwa miguu, huku na huku, kabla ya kuruka. Hao ni jamaa wengine kabisa, wa familia ya Phoridae. Wanazaliana kwenye uozo wowote wenye unyevu, kinyesi kikiwemo, na kwangu siki hawakuishughulikia.

Nilikuwa na mifugo ya aina mbili basi, na ile ya macho mekundu nilikuwa nimeitundika mwenyewe. Mkungu wa ndizi kisukari kutoka kwa mama mkwe, Machame, ulikuwa unaivia kwenye msumari, kama nusu mita juu ya choo cha paka. (Wakwe zangu wakisoma hapa, huo mkungu tuliutupa. Hatukuula.) Hata baada ya kuuondoa, vinzi viliendelea kuonekana zaidi ya wiki, kwa sababu kwenye joto la Moshi yai la kinzi cha matunda huchukua siku kumi hivi kuwa nzi kamili, na jike mmoja hutaga mamia.

Karatasi za gundi za njano nilinunua duka la pembejeo, zile za kutundika kwenye vitalu vya nyanya. Kumi kwa elfu saba. Zinakamata aina zote mbili, na ni nzuri kwa kukuonyesha kama idadi inapungua au inaongezeka. Zikakamata na mkia wa Chausiku. Gundi ile haitoki kwa maji. Nilipaka mafuta ya kula, nikafuta kwa kitambaa, kisha sabuni kidogo, na mikwaruzo ninayo hadi leo. Zitundike juu, mbali na mahali paka anaporukia. Nyota tatu.

Muuza duka alitaka kunipa na dawa ya kupulizia. Kwenye kopo niliona pemethrini, sumu ya wadudu, nikairudisha. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la mbwa au la binadamu, na ikimzidia anatoka udenda, anatetemeka, hata degedege. Kama una paka, soma kopo kwanza, hasa zile dawa za viroboto vya mbwa.

Mwisho nikanunua mchanga wa paka wa bentonaiti, aina ya udongo, elfu thelathini na mbili mfuko mmoja. Mkojo unaganda kuwa bonge, unaliokota kwa mwiko wa matundu asubuhi na jioni, na chini panabaki pakavu. Nilipomwaga pumba za zamani nilielewa kila kitu: tabaka la chini lilikuwa tope, lina funza wembamba na vigamba vya kahawia vya funza waliokwisha kugeuka nzi. Wiki mbili, kistoo kikawa kimya.

Kwa hiyo mchanga nyota tano? Ningesema hivyo kama mfuko usingeisha mwezi wa sita, mfukoni hamna kitu. Nikarudi kwenye pumba, safari hii tabaka jembamba, kinyesi natoa kila siku, pumba zote namwaga kila baada ya siku mbili, beseni naliosha kwa maji ya moto na sabuni na kulianika juani. Jiki situmii, kwa kuwa ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa ya kukaba kifua. Mpaka leo hakuna kinzi hata kimoja. Mchanga ni nyota nne basi, kwa mwenye hela na asiye na muda.

Karatasi sita zilizobaki nimempa kaka mmoja anayelima nyanya. Bibi naye hajaacha kuniletea kikombe cha mbege ya mtego, na kwa kuwa wa kumtega hayupo, namsaidia kuimaliza.