Copernicus Browser: inafaa kiasi gani kwa kuchungulia Yongbyon na Punggye-ri?

Huduma hii ya Umoja wa Ulaya ya kutazama picha za setilaiti ni ya bure, hufunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na kwa mtu asiye na bajeti ya serikali ndiyo njia nyepesi ya kufuatilia mpango wa nyuklia wa Korea Kaskazini. Tunaipendekeza, lakini kwa kazi moja: kuona mabadiliko ya mahali unapopajua tayari. Anayetarajia kuona kombora juu ya lori hatalipata.

Tatizo ni ukubwa wa pikseli. Kila pikseli ya picha za rangi za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni mita 10 kwa 10. Lori la kubebea kombora huingia kwenye pikseli moja au mbili, na rangi yake ikamezwa na udongo ulio pembeni. Magari mengi yakijipanga kwenye uwanja wa mazoezi ya gwaride wa Mirim, mashariki mwa Pyongyang, hapo sawa: sakafu yenyewe hubadilika rangi.

Anza na Yongbyon, kituo kikuu cha nyuklia cha Korea Kaskazini. Andika 39.80, 125.75 kwenye kisanduku cha kutafutia, chagua Sentinel-2 daraja la L2A (picha zilizoondolewa athari za hewa), kisha tarehe za Desemba hadi Februari. Wengi hukosea kwenye kichujio cha mawingu. Wanakiweka asilimia 10, halafu wanalalamika kwamba mwezi mzima hauna picha. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa kipande kizima cha kilomita 110 kwa 110, kwa hiyo picha yenye mawingu asilimia 70 yaweza kuwa safi kabisa juu ya kinu cha nyuklia. Kiache wazi, uzikague picha mwenyewe. Ukishindwa kutofautisha wingu na theluji, ita bendi ya 11, ya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho: theluji huwa nyeusi, wingu hubaki jeupe.

Majira ya baridi ndiyo yenye faida. Kinu cha megawati 5, kilichoanza kazi 1986 na chenye uwezo wa kutoa takriban kilo 6 za plutoniamu, malighafi ya bomu, kwa mwaka, hupozwa kwa maji ya mto Kuryong. Kikiwaka, maji ya moto hurudi mtoni, na sehemu hiyo inaweza kubaki bila barafu wakati kwingine kumeganda. Usitafute mnara wa kupozea: ulilipuliwa Juni 2008. Ukitaka joto lenyewe, chukua picha za setilaiti za Landsat 8 na 9 kutoka kwa wakala wa jiolojia wa Marekani, USGS, ila bendi zake za joto zina pikseli ya mita 100, karibu urefu wa uwanja wa mpira, na mto mwembamba huchanganyika na kingo zake. Nambari ya digrii inayotoka hapo isiaminiwe peke yake.

Kiwanda cha mvuke kinachohudumia maabara ya kuchuja plutoniamu ni dalili nyingine, nayo hudanganya haraka. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, liliripoti kwamba kiwanda hicho kilifanya kazi kwa takriban miezi mitano, kuanzia Februari hadi Julai, muda unaolingana na kuchakata mzigo mzima wa fueli ya kinu. Moshi wa wiki mbili hausemi hivyo. Yaweza kuwa ni matengenezo au kushughulikia taka. Hesabu miezi, usihesabu picha.

Urutubishaji wa urani, njia nyingine ya kupata malighafi ya bomu, ndipo huduma hii inapogonga ukuta. Novemba 2010 mwanasayansi wa Marekani Siegfried Hecker alionyeshwa na wenyeji wake ukumbi wenye mashine karibu 2,000 za kurutubisha, ndani ya jengo lenye paa la buluu. Mwaka 2013 paa hilo lilionekana kutoka angani likiwa limeongezwa maradufu. Lakini kama mashine zinazunguka, na urani inafikishwa asilimia ngapi, paa halisemi. Ziara ya Hecker ilifichua kilichokuwa kimefichwa na paa hilo.

Punggye-ri (41.28, 129.08), eneo la majaribio ya nyuklia ya chini ya ardhi, ni rahisi zaidi. Angalia lundo la mawe yaliyochimbwa nje ya milango ya mahandaki: rangi yake ya kijivu hutengana vizuri na msitu au theluji. Lisipofika upana wa pikseli tatu, usitangaze chochote. Linganisha Oktoba na Oktoba, kwa sababu Desemba vivuli vya milima hufunika mabonde na mtu akaona "handaki jipya" ambalo ni kivuli tu. Picha nazo huweza kupishana kwa pikseli moja, kwa hiyo barabara iliyosogea mita 10 pengine haijasogea.

Kwa jaribio lenyewe, fungua pia orodha ya matetemeko ya USGS. Majaribio matatu ya mwisho yalipigwa saa na nusu kamili: Januari 2016 saa 01:30:01 UTC (saa ya kimataifa), Septemba 2016 saa 00:30:01, na lile la ukubwa wa 6.3, tarehe 3 Septemba 2017, saa 03:30:01, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwetu Afrika Mashariki. Tetemeko la asili halina miadi na saa. Ukiona kina kimeandikwa kilomita 0 na dakika ni 30, sitisha kazi nyingine.

Maneno ya Pyongyang yasomwe kando ya picha. Jaribio la 9 Oktoba 2006 lilitangazwa siku sita kabla. Ya 2009 na 2013 nayo yalitanguliwa na vitisho vya wazi. La Januari 2016 halikutanguliwa na onyo. Ukimya, basi, si dalili ya usalama, na tangazo si porojo.

Julai na Agosti mvua hufunga anga. Hamia Sentinel-1, setilaiti ambayo rada yake hupenya mawingu, ingawa inahitaji mazoezi kuisoma kwenye milima. Picha za kulipia za sentimita 30 zinafaa kununuliwa baada tu ya kuona badiliko kwenye hizi za bure na kujua tarehe unayoitaka.