Uzoefu wangu wa kufuga samaki aina ya beta Dar es Salaam: tangi, chakula, na vya kuacha dukani

Seti ya "nyumba kamili ya beta" niliyoikuta dukani ilikuwa na vitu vinne: bakuli la kioo la kama lita mbili, mawe ya rangi ya waridi, ua la plastiki na pakiti ya chakula isiyo na lebo wala tarehe. Bei yake ilizidi ya samaki mwenyewe. Kijana muuzaji alikuwa na maneno matamu: "Dada, huyu hana shida kabisa, hata kwenye glasi anaishi." Nilimchagua samaki, dume la buluu lenye mapezi marefu na wekundu pembezoni, nikaja kumchukua baadaye tangi likiwa tayari; seti nikaiacha kwenye rafu. Naandika hapa nilichonunua badala yake, kipi kimelipa na kipi ni kutupa hela.

Hiyo habari ya glasi haikuzuka hivi hivi. Beta, ambaye wataalamu wanamwita Betta splendens, asili yake ni Thailand na nchi za jirani, kwenye madimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga yenye maji ya kina kifupi. Juu ya matamvua ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana utamwona anapanda, anagusa uso wa maji kwa mdomo, kisha anashuka. Maji yaliyopungukiwa oksijeni hayamuui haraka kama samaki wengine. Lakini hewa ni kitu kimoja na uchafu ni kingine. Kinyesi chake na chakula kilichobaki huzalisha amonia, na katika lita mbili amonia haina pa kwenda, inamchoma matamvua na mapezi. Kumweka kwenye bakuli kwa sababu anavuta hewa ni kama kumfungia mtu chooni kwa sababu kuna dirisha. Wathailand wenyewe mwaka 2019 walimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa lao; huku kwetu tunamuuza kwenye kikombe cha juisi.

Tangi nilikwenda kulitengenezesha kwa fundi vioo, na hapa ndipo hela yangu nyingi ilipokwenda. Vipimo nilivyompa: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 30, kioo cha milimita 5. Likijaa pomoni ni lita 30. Mimi naacha sentimita nne juu, kwa hiyo samaki anapata lita 26. Wafugaji wengi wanakubaliana kwamba chini ya lita 20 unajitafutia kazi, na mimi nakubaliana nao. Fundi alinifanyia kwa 45,000, gundi ndani yake. Tangi la kiwandani la ukubwa huohuo nililolikuta likiuzwa lilikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Ila ukienda kwa fundi, simama naye. Mafundi wetu wamezoea madirisha na kabati za maduka, na mkono unakwenda wenyewe kwenye silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo si ya kuwekwa na samaki. Unayoitaka ni silikoni ya kawaida ya vioo isiyo na dawa, ambayo ikiwa mbichi inanuka siki. Wangu alininunia kidogo ("Sister, zote gundi tu"), akanielewa nilipomwambia kuna kiumbe kinaishi humo. Mwambie pia asage kingo za juu, maana utakuwa unaingiza mkono humo kila wiki. Gundi iache ikauke wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe kabisa, kisha jaza maji, weka tangi nje juu ya gazeti, ulale. Gazeti likiamka kavu, una tangi.

Mfuniko ni lazima, beta anaruka. Wangu ni fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa mbu wa dirishani. Unazuia kuruka, unazuia paka wa jirani na mijusi, na mbu hawapati pa kutagia. Hewa inapita vizuri, nayo anaihitaji.

Kwa chujio nilichagua la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, halina mengi ya kuharibika, na halivuti kwa nguvu. Yale machujio ya mota yanayotema maji kwa kasi yanamsumbua beta; mapezi marefu yale ni mzigo, atashinda amejibanza kona akipigana na mkondo. Hata la sponji mimi nimelipunguza kwa koki ndogo ya kwenye mpira wa hewa mpaka mapovu yakawa ya taratibu. Kasoro yake ni mngurumo wa pampu usiku, ambao kipande cha godoro chini yake kimeumaliza. Tena weka pampu juu kuliko usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kwa njia ya mpira hadi kwenye pampu, na umeme wetu mnaujua. Kukatika kwenyewe kwa saa chache hakumtishi beta, hapo kiungo chake cha kuvutia hewa kinafanya kazi yake.

Jambo ambalo muuzaji hakuligusa kabisa ni kwamba tangi jipya halijawa tayari hata likiwa na maji safi. Kuna bakteria wanaoota kwenye sponji na mawe, kundi moja linageuza amonia kuwa nitraiti, lingine linageuza nitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Huchukua wiki tatu mpaka sita kujijenga. Mimi niliendesha tangi likiwa tupu, nikitupia punje chache za chakula zioze ziwape bakteria cha kula, na rafiki anayefuga samaki akanikatia kipande cha sponji yake chafu. Hicho kipande kilinisaidia kuliko chochote nilichonunua. Nilimfuata samaki dukani pale tu vipimo vilipoonyesha amonia na nitraiti ni sifuri. Vitepe vya kupimia vinatosha kwa kuanzia. Vya matone ni sahihi zaidi na ghali zaidi.

Maji ya bomba yana klorini, inayoua hao bakteria na kuunguza samaki. Natumia dawa ya matone ya kuondoa klorini, chupa ndogo inadumu sana. Maji ya kisima sehemu nyingi za Dar yana chumvi, yaonje kwanza kabla ya kuyafikiria. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, asubuhi. Kwa nini asubuhi? Fungua bomba la tangi la juu ya paa saa nane mchana uweke mkono, utajibiwa mwenyewe. Sponji nayo isioshwe bombani: naikamua ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi, narudisha.

Hita sikununua, na kwa mkazi wa Dar, Tanga au Mombasa nasema hela hiyo aiweke kwenye tangi kubwa. Beta anataka nyuzi 24 hadi 28 hivi, na maji yaliyokaa sebuleni kwangu yanachezea humohumo. Kipimajoto kidogo cha kioo kinatosha. Joto la Januari na Februari ndilo linalohitaji uangalizi: maji yakifika 30 naelekeza feni usoni pa maji, yanashuka. Chumba cha kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi si mahali pake. Lakini aliyeko Nairobi, Arusha, Iringa au Mbeya asinisikilize hapa. Huko hita ni lazima, baridi ya Julai itamfanya samaki alale chini asile.

Ua la plastiki nalo sikulitaka. Ukilipitishia soksi ya nailoni na uzi ukanasa, jua mapezi yatachanika vivyo hivyo. Niliweka mani-planti, lile ua la kutambaa linalokaa kwenye chupa za maji majumbani: mizizi ndani, majani nje. Mizizi inanyonya naitreti na samaki anapenda kujipitisha katikati yake.

Na jani la mkungu! Hili linauzwa mtandaoni kwa pakiti, limekaushwa na kupangwa vizuri kutoka Asia, na mikungu imejaa pwani yetu yote ikidondosha majani bure. Yaokote makavu yaliyodondoka yenyewe, mbali na barabara yenye moshi na mbali na miti iliyopigiwa dawa. Naosha, namwagia maji ya moto, naacha yapoe, naweka jani moja. Baada ya siku mbili maji yanapata ukahawia hafifu na asidi kidogo, yanayokaribia maji ya kwao. Wafugaji wa Asia wamelitumia miaka mingi kwa kuwa linapunguza vijidudu na kumtuliza samaki. Wangu hulala juu yake, ubavu mmoja umegusa jani, mpaka mgeni anauliza kama amekufa.

Sasa chakula. Pakiti ile isiyo na lebo ilikuwa na vipande vyembamba vyekundu ambavyo sikuweza kujua vimetokana na nini. Beta ni mla wadudu, hana tumbo la kusaga ngano. Soma kopo: kitu cha kwanza kwenye orodha kiwe samaki, uduvi au wadudu, kikiwa unga wa ngano, rudisha. Nilinunua punje ndogo za beta za Hikari, za Kijapani. Kopo ni dogo na bei inauma ukiitazama, lakini samaki mmoja analimaliza taratibu mno, shida ni lisiharibike kabla. Unyevu wa Dar ni adui wa chakula hiki. Langu liko kwenye kichupa kinachobana, ndani ya friji.

Namlisha asubuhi na jioni, punje tatu kila mara, moja moja. Asipoifuata punje ndani ya dakika, naitoa. Siku moja kwa wiki hapewi kitu. Tumbo lake ni dogo, wanalikadiria kwa ukubwa wa jicho lake, na beta wengi wanaovimba na kuelea upande wamelishwa kwa huruma. Nyumbani kwangu kazi ngumu imekuwa watu, si samaki. Anakujia kwenye kioo, anatikisa mwili mzima, kila anayepita anaapa kwamba hajala. Mpwa wangu alitaka kumpa mkate. Mama mkwe yeye alitazama zile punje tatu, akanitazama mimi: "Mwanangu, samaki mwenyewe hamli, mnamlisha wa nini?"

Viluwiluwi wa mbu ndicho chakula anachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Unaacha ndoo ya maji ya mvua, unachota kwa chujio la chai, unawasuuza. Ukimtumbukizia mmoja anasimama ghafla, anajikunja kidogo, macho yote mawili yanamlenga, halafu huoni mwendo wowote, unaona tu kiluwiluwi hayupo. Pamoja na utamu huo sikipendekezi kwa kila mtu. Jiji hili limeshapitia dengue, ile ya 2019 tunaikumbuka, na ndoo iliyosahauliwa kwa juma moja tu inatoa mbu kamili. Kama huna nidhamu ya kuifunika wavu na kuimwaga yote mara unapoona wale waliojikunja wenye kichwa kikubwa, ambao wako hatua moja kabla ya kuruka, achana nayo. Minyoo myekundu iliyogandishwa inafaa badala yake, mara moja au mbili kwa wiki, kipande kidogo kilichoyeyushwa kwanza. Ikishayeyuka kwa sababu ya umeme, itupwe, usiigandishe tena. Minyoo hai ya mitaroni siigusi, inatoka kwenye matope machafu na inakuja na magonjwa yake.

Ya mwenzi sina mengi. Madume mawili watauana, na jike si wa kumwekea hivihivi. Kioo cha kujitazamia mpe dakika mbili tatu atanue mashavu yake, kisha kiondoe.

Kwa jumla tangi la fundi nalitunuku nyota tano, chujio la sponji tano, chakula cha punje nyota nne kwa sababu ya bei, seti ya bakuli sifuri. Ukisafiri wikiendi, mwache bila chakula, beta mzima mwenye afya anavumilia siku kadhaa. Zile tofali nyeupe za "chakula cha likizo" zinayeyuka na kuchafua maji. Safari ikiwa ndefu, funga punje kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku, umwachie jirani vikaratasi tu. Kopo lenyewe lifiche.